Zebaki katika Krimu za Kung'arisha Ngozi: Mambo Yanayohusu Nyumba Nzima

Mwaka 2011, Idara ya Afya ya Minnesota ilipima bidhaa 27 za kung'arisha ngozi zilizonunuliwa katika maduka ya Minneapolis na Saint Paul. Bidhaa 11 kati ya hizo zilikutwa na zebaki, ambayo ni sumu. Kanuni za Marekani haziruhusu zebaki katika krimu ya ngozi, isipokuwa chembe zisizoepukika zilizo chini ya sehemu moja katika sehemu milioni moja. Krimu iliyokithiri miongoni mwa zile 11 ilikuwa na sehemu 33,000. Kopo la gramu 30 la krimu kama hiyo hubeba takriban gramu moja ya zebaki, kiasi kinachokaribiana na kilichokuwamo katika kipimajoto cha homa cha zamani, kile cha kioo. Hakuna mzazi ambaye angekivunja kipimajoto hicho makusudi na kumpaka mwanawe.

Wengi hudhani kwamba kitu kikishauzwa dukani hapa Marekani, serikali imekwisha kukikagua. Kwa vipodozi sivyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, haiidhinishi krimu za urembo kabla hazijauzwa. Dhamana ya usalama ni ya mtengenezaji. Krimu zenye zebaki aghalabu hutengenezwa ng'ambo, huja katika mizigo ya wasafiri au huagizwa mtandaoni, na baadhi hazina hata orodha ya viambato. Kopo lisilotaja zebaki, basi, halithibitishi kuwa haimo, na jicho au pua haviwezi kuitambua. Lebo ikiwa na maneno "mercury", "mercuric", "mercurio" au "calomel", krimu hiyo isitumike. Isitumike pia ikiwa lebo inaonya kwamba isiguse dhahabu, fedha au vito. Kinachoharibu bangili ya bibi harusi hakifai kupakwa usoni mwake.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, ndiyo maana krimu huonekana kufanya kazi. Lakini haiishii juu ya ngozi. Hupenya hadi kwenye damu na kujikusanya katika figo. Jambo hili si geni Afrika Mashariki: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa 60 wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi.

Wala madhara hayampati mpakaji peke yake. Zebaki hutoa mvuke ndani ya nyumba, hushika kwenye taulo, mito na mikono, na mtoto anayelala kifuani mwa mama huipata kwa kugusa na kuvuta hewa, ingawa hajapakwa kitu. Humfikia pia mtoto aliye tumboni, na ubongo wake ungali unaumbika. Dalili kwa mtu mzima, kama vile mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi na ganzi, ni rahisi kudhaniwa kuwa uchovu wa kazi.

Mkorogo unaochanganywa nyumbani au saluni huweza kuwa na haidrokwinoni au steroidi kali. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuiacha ngozi na weusi wa samawati usiofutika. Tangu mwaka 2020 hairuhusiwi kuuzwa Marekani bila cheti cha daktari. Aliyezoea krimu ya steroidi azungumze na daktari kabla ya kuiacha ghafla. Liwa na singo za nyumbani, zisizochanganywa na krimu hizo, ni jambo jingine.

Krimu inayoshukiwa kuwa na zebaki iachwe siku hiyohiyo. Aliyeitumia, hasa mjamzito au anayenyonyesha, amwombe daktari kipimo cha zebaki katika mkojo, na watoto wa nyumba hiyo wapimwe pia. Mama asimwachishe mtoto ziwa kabla ya kupata ushauri. Hakuna haja ya kuona haya. Wauguzi wa miji hii wamekwisha kulizoea swali hili. Kituo cha sumu hupokea simu bila malipo, usiku na mchana, kwa nambari 1-800-222-1222. Mpigaji anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Kopo lisitupwe katika taka za kawaida wala kumwagwa chooni. Lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kupelekwa kwenye kituo cha kaunti cha kupokea taka hatari. Kaunti ya Hennepin ina vituo Bloomington na Brooklyn Park.