Dagaa Mzima, na Kichwa Chake

Kanda ya Ziwa, dagaa ndio mboga ya kwanza kufikiriwa na ya mwisho kukosekana jikoni. Huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hukaa nchi kavu wakashona nyavu, kwa kuwa dagaa hufuata taa, na mbalamwezi huifanya taa isionekane kitu. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Alfajiri mitumbwi ikifika mwaloni, kazi huhamia mikononi mwa wanawake. Wao hununua kwa ndoo, wakaanika mchangani au, wenye uwezo, juu ya chanja ambako dagaa hukauka bila mchanga. Mvua ikishuka kabla hawajakauka, mtaji umeoza. Dagaa waliosalimika hupelekwa Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, na kutoka hapo huvuka mipaka hadi Kongo.

Nyumbani dagaa huoshwa kwa maji ya moto, hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, wengine huwaunga kwa karanga, kisha huliwa kwa ugali wa mahindi au wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa. Jambo kubwa katika desturi hii ni kwamba dagaa huliwa mzima: kichwa, miiba na matumbo. Hapo ndipo penye utajiri wake mkubwa wa madini, zinki ikiwamo, kuliko mnofu mtupu wa samaki mkubwa.

Zinki ndiyo inayoziwezesha chembe nyeupe za damu kuongezeka na kupambana na maradhi. Mtoto anayeikosa hudumaa, huharisha mara kwa mara, na kidonda chake huchelewa kupona. Ndiyo maana tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto anayeharisha apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvichumvi. Mtu mzima huhitaji kiasi kidogo tu, takriban miligramu 11 kwa siku kwa mwanamume na 8 kwa mwanamke, lakini mwili hauna ghala la kuiwekea akiba. Lazima iingie kila mara. Tena mahindi na maharage yana faiteti, kemikali inayoikamata zinki isifyonzwe vizuri. Samaki akiwa pembeni, ufyonzaji huwa bora. Waliounganisha ugali na dagaa hawakuijua kemia hiyo, ila waliviweka pamoja kila jioni.

Lakini ipo desturi nyingine ndani ya hiyohiyo, nami siikubali. Bakuli likitengwa, baba huchotewa kwanza, mgeni hufuata, na mtoto mdogo huambiwa achovye tonge kwenye mchuzi. Mchuzi ni mtamu, lakini sehemu kubwa ya madini imebaki kwenye samaki. Anayekua ndiye mwenye haja kubwa zaidi, naye ndiye anayepewa maji. Wapo pia wanaochambua dagaa, vichwa na matumbo wakatupa kwa kukwepa uchungu. Uchungu upo kweli, hasa kwa waliochelewa kukauka, ila kinachotupwa ni sehemu ya lishe yenyewe.

Nje ya jikoni nako kuna tishio. Sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 alikuja kuwa samaki wa viwanda: minofu ikaenda Ulaya, wenyeji wakabaki kununua mapanki, yaani mifupa iliyobaki. Dagaa naye sasa anagombewa na wasaga chakula cha kuku, na bei hupanda.

Mama mwenye mtoto aliyeanza kula, usisubiri aweze kutafuna miiba. Chagua dagaa safi waliokauka vizuri, waoshe, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, watwange wawe unga laini, uchekeche, kisha tia kijiko kwenye uji wake. Na jioni, kabla ya kumchotea mtu mwingine yeyote, mchotee yeye dagaa wenyewe.