Redio Inapozungumza Habari za Simu na Sola

Siku hizi redio nyingi zina vipindi vinavyoeleza habari za vifaa: simu, sola, redio zenyewe, hata kompyuta. Mtangazaji hutoa kwanza habari mpya. Halafu huchukua kifaa kimoja akakieleza. Mwisho hupokea simu na ujumbe wa wasikilizaji, na hapo mazungumzo huwa marefu. Kipindi kikianza, wapo wanaozima redio. Wanasema hayo ni mambo ya vijana wa mjini.

Sisi tunaona sivyo. Huku kwetu Mbinga, fedha za kahawa zikitoka tu, wauzaji wa simu na paneli za sola hawachelewi kufika. Mtu amelima mwaka mzima, amechuma, amemenya, ameanika. Kwa dakika kumi anatoa fedha zake na kurudi nyumbani na kitu kisichowaka. Kule ziwani ni vilevile kwa fedha ya usipa. Basi leo tunaeleza vipindi hivi vilitoka wapi, na namna ya kuvisikiliza ili vitufae.

VILIANZA ZAMANI

Vipindi vya namna hii si vya jana. Mwaka 1948 redio ya Sweden ilianzisha kipindi cha watu wanaopenda kutafuta stesheni za mbali kwenye masafa mafupi. Kiliitwa Sweden Calling DXers. Mwaka 1981 redio ya Uholanzi ikaanza chake, Media Network, kikiongozwa na mtangazaji Jonathan Marks. Kiliendelea mpaka mwaka 2000. Uholanzi ni mbali, lakini redio hiyo ilikuwa na mitambo ya kurushia matangazo Madagaska tangu mwaka 1972, na Madagaska ni jirani. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki aliyejua Kiingereza aliweza kukisikiliza.

Vipindi hivyo vilieleza redio mpya zilizotoka madukani, ipi nzuri na ipi ya kupoteza fedha. Vilieleza pia stesheni zilizofunguliwa na zilizofungwa. Lakini sehemu ya kipindi ilikuwa ya wasikilizaji wenyewe. Msikilizaji aliandika barua: tarehe fulani, saa fulani, nimewasikia, sauti ilikuwa safi, au ilikuwa inakwaruza. Stesheni ikamjibu kwa kadi yenye picha. Msidhani ulikuwa mchezo tu. Mafundi wa stesheni walioko Ulaya hawawezi kujua kama sauti imefika milimani kwetu, mpaka mtu wa huko aseme. Barua ile ilikuwa kipimo chao.

Kwa Kiswahili tumepata mifano yetu. Redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilitutolea michezo ya Noa Bongo, na baadhi ya michezo hiyo ilieleza matumizi ya kompyuta na intaneti. Nalo shirika la Farm Radio International, likifanya kazi na redio za Tanzania, lilitumia jambo tunalolijua sote: kubipu. Msikilizaji anaulizwa swali, anabipu namba hii kama jibu ni ndiyo, au ile kama ni hapana. Halipi hata senti. Stesheni inahesabu na kujua wakulima wanafikiri nini.

KWA NINI HUKU INASIKIKA NA KULE HAISIKIKI

Kwanza kabisa kipindi lazima kisikike. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Mtu wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi anafungua redio na kusikia Malawi vizuri, lakini stesheni ya mkoa wake mwenyewe anaitafuta kwa shida. Wengine husema ati redio zetu hazina nguvu. Sababu ni milima.

Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Ukimulika tochi ukutani, aliye nyuma ya ukuta haoni kitu. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga na Milima ya Umatengo viko juu sana, zaidi ya mita 1,000. Mnara ulio Songea ni tochi, na milima hiyo ndiyo ukuta. Watu wa ziwani wako nyuma yake, tena chini. Lakini kati yao na Malawi kuna nini? Maji matupu. Ziwa halina kilima.

Mawimbi ya masafa mafupi yana tabia nyingine. Yanapanda juu sana angani, yanagonga tabaka la hewa lenye umeme, kisha yanarudi chini mbali kabisa. Ndiyo maana sauti kutoka Ulaya iliweza kuruka milima yote hii. Sasa stesheni nyingi zimeacha masafa mafupi na kuhamia FM na intaneti. Kwa watu wa mijini ni nafuu. Kwa mtu aliye bondeni, tunaona amepunjwa.

Simu nazo hutumia mawimbi ya kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo ukiwa ufukweni, simu yako inaweza kushika mtandao wa ng'ambo bila wewe kujua, na ada ya huko ni nyingine. Kabla ya kupiga, tazama jina la mtandao kwenye kioo. Kama si la kampuni yako, ingia kwenye mipangilio ya simu uchague mtandao wako mwenyewe.

HESABU YA SOLA

Sasa tuseme mtangazaji anaeleza paneli ya sola ya wati 10. Muuzaji amekwambia inawasha taa, inachaji simu na inaendesha televisheni. Mtangazaji mzuri hatasema tu ni nzuri au ni mbaya. Atafanya hesabu, nasi tuifanye pamoja.

Wati 10, jua kali la saa 5: 10 mara 5 ni 50. Hiyo ndiyo akiba ya siku nzima, kwa kipimo cha wati kwa saa. Lakini nyingine hupotea kwenye betri na waya, kwa hiyo tuhesabu 35. Taa mbili za wati 3 kila moja, zikiwaka saa 4, zinakula 24. Simu ya kitochi ikichajiwa inakula kama 4. Jumla ni 28. Inatosha, na kidogo kinabaki. Sasa weka televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 3. Hiyo peke yake ni 60. Basi muuzaji amekudanganya. Na hapo hatujataja siku za mvua na ukungu wa milimani, ambazo jua la saa 5 hulipati.

Ukiijua hesabu hii, hutahitaji kumwamini mtu yeyote, hata huyo mtangazaji.

Maana si kila kipindi ni cha elimu. Vingine hulipiwa na wenye maduka, na mtangazaji husifu kila kitu anachopewa. Utakijuaje? Sikiliza kama anataja kasoro. Kifaa kisicho na kasoro hakijatengenezwa bado. Sikiliza kama anasema bei, na kama anapokea simu ya mtu anayelalamika au anamkatia. Kipindi kinachotaja jina la duka moja mara sita ni tangazo, hata kikiitwa jina gani.

MAMBO MATATU YANAYOULIZWA SANA

La kwanza ni simu bandia. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini kote. Watu wengi waliamka wakiwa na simu zisizoshika mtandao. Tangu hapo kila mnunuzi anaweza kupima kabla ya kulipa. Bonyeza *#06# kwenye simu unayoitaka. Zitatokea tarakimu 15. Zitume kwa ujumbe kwenda namba 15090. Utajibiwa simu hiyo ni ya kampuni gani na aina gani. Kama jibu linasema aina moja na mkononi umeshika nyingine, mrudishie mwenyewe. Muuzaji akikataa usipime, umeshapata jibu.

La pili ni matapeli. Unapata ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Anayeutuma hakujui. Ametuma kwa watu wengi, akitumaini kwamba mmoja wao ana deni la kweli na atadhani anayemdai ndiye aliyeandika. Usitume kitu mpaka umempigia mwenye deni kwa namba unayoijua na kuisikia sauti yake. Ujumbe wenyewe upeleke kwenye namba 15040. Tena piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye kampuni ya simu ukaiondoe.

La tatu ni simu iliyotumbukia majini. Watu wa mitumbwi wanalijua hili kuliko sisi wa milimani. Kwa miaka mingi vipindi vilisema: ifukie kwenye mchele. Mwaka 2024 kampuni ya Apple, watengenezaji wa simu za iPhone, waliwaambia wateja wao wasifanye hivyo, kwa sababu chembe za mchele huingia ndani na kuharibu simu. Kinachofaa ni kuizima mara moja na kutoa betri kama inatoka. Ifute, ikung'ute polepole tundu la chaji likitazama chini, kisha uiache penye kivuli na upepo. Usiichaji ikiwa na maji. Hiyo ndiyo inayoziua nyingi. Na upepo, hasa wa mwera, ziwani hatuukosi.

Tumetaja jambo la mchele makusudi. Redio ilisema, watu wakafuata, baadaye ikaonekana si sawa. Ushauri wa kifaa huchakaa kama kifaa chenyewe.

TUSIKILIZE WENGI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote, kila kikundi na redio yake. Redio zenyewe hazikuwa za mbali sana. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, na redio za National pamoja na betri zake, au mawe kama tunavyosema, ziliingia vijijini. Watu walisikiliza, wakasoma kitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mtu mmoja akisikia vibaya, mwenzake alimsahihisha.

Kipindi cha vifaa kingefaa kusikilizwa vivyo hivyo. Katika kikundi cha akina mama wanaoweka akiba, au chama cha msingi cha kahawa, hakosi kijana mwenye simu janja, hakosi mzee aliyenunua paneli ikafa, hakosi fundi simu. Kipindi kikiisha, mzee aseme lililompata. Fundi aeleze kwa nini. Kijana anaweza kurekodi kipindi, na aliyekuwa shambani akakisikia jioni. Na wakati wa kununua ukifika, aende mnunuzi pamoja na mwenzake aliyesikia.

Baada ya hapo andikeni kwa stesheni. Wengi hutuma ujumbe wa "nawasalimu wote wanaonifahamu", nao husomwa na kusahauliwa. Tumeni swali lenye vipimo: "Sisi ni kikundi cha watu 14, tuko Liuli. Paneli yetu imeandikwa wati 10, betri ina miezi 8. Taa huzimika saa tatu usiku. Tatizo ni betri au ni paneli?" Swali kama hilo fundi yeyote anaweza kulijibu. Semeni pia mmewasikia saa ngapi na sauti ilikuwaje, kama wale wa masafa mafupi, ili mafundi wa mnara wajue wapi milima imewazuia.

Na mnaosikiliza stesheni za Malawi mkumbuke kwamba saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kipindi wanachosema kitaanza saa mbili usiku, kwetu ni saa tatu.