Barua ya shule iliyofukiwa na matangazo

Jumamosi moja ya Oktoba, saa moja na nusu asubuhi, baba mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alifika na binti yake kwenye geti la shule ya sekondari ya binafsi mkoani Pwani. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba mwezi uliotangulia. Sare imepigwa pasi, mkononi ana penseli mbili, kifutio na chupa ya maji. Walikuja kwenye usaili wa kujiunga na kidato cha kwanza.

Mlinzi aliangalia daftari lake, kisha akawaangalia wao. Usaili ulikuwa umefanyika Jumamosi iliyopita.

Kumbe shule ilibadilisha tarehe na kuwaandikia wazazi wote. Barua pepe ilitumwa siku 12 kabla ya tarehe mpya, kwa anwani ya mama, kwa kuwa ndiye aliyejaza fomu. Mama hakuiona. Simu yake ilionyesha barua pepe 6,214 ambazo hazijasomwa, na ile ya shule ilikuwa imekaa kimya katikati ya tangazo la tiketi za ndege na risiti ya king'amuzi.

Siku hiyo nyumbani hapakukalika. Baba alitaka kujua inakuwaje mtu asome ujumbe wa kikoba saa sita usiku lakini barua ya shule impite. Mama naye akauliza kwa nini fomu zote za watoto watatu, za shule, bima na kliniki, ziandikwe anwani yake peke yake, halafu na lawama ziwe zake peke yake. Swali la mama ndilo lililokuwa zito zaidi. Nyumba nyingi ziko hivyo: mzazi anayejaza fomu hugeuka kuwa posta ya familia, bila mshahara wala likizo.

Aliyewatoa kwenye mzozo ni mdogo wake mama, kijana mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Hakumwambia dada yake azisome barua zote 6,214. Alimwambia asizisome kabisa.

Alichofanya ni kumtengenezea vichujio. Kichujio ni agizo linaloandikwa mara moja, kisha barua pepe zinalitii kila zinapoingia. Ni kama maagizo anayopewa dada wa kazi: akija muuza mboga, mwambie leo tunazo, akija fundi, mwache asubiri barazani, akipiga mwalimu wa mtoto, niamshe hata kama nimelala.

Familia hii inatumia Gmail, kama ilivyo kwa wengi wenye simu za Android. Hapo ndipo wazazi wengi hukwama, maana kwenye programu ya Gmail ya simu hakuna sehemu ya kutengeneza kichujio. Inabidi kufungua Gmail kwenye kompyuta. Ukishatengeneza huko, kinafanya kazi kila mahali, na kwenye simu pia. Asiye na kompyuta anaweza kuazima ya kazini au kwenda kwenye duka la intaneti kwa nusu saa. Muhimu ni kuhakikisha ametoka kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka kwenye kiti.

Kwenye kompyuta, kijana alibonyeza alama iliyo mwisho wa kisanduku cha kutafutia. Ikafunguka fomu ndogo: barua imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, kichwa chake ni kipi, ina maneno gani, ina kiambatisho au haina. Kwenye nafasi ya mtumaji hakuandika anwani ya mwalimu mmoja. Aliandika sehemu ya mwisho tu ya anwani za shule, kuanzia alama ya @, ili mkuu wa shule, mhasibu na matroni wote wanaswe na mtego mmoja. Shule ya mtoto wa pili haina anwani zake rasmi, mhasibu anatumia Gmail ya kawaida na mwalimu wa darasa ya kwake, kwa hiyo aliziandika zote mbili, katikati akaweka neno OR kwa herufi kubwa.

Kisha akabonyeza kitufe cha kuunda kichujio, na hapo ukaja uamuzi: barua hizi zifanyweje? Alichagua mambo matatu. Zipewe lebo ya "Shule". Zihesabiwe kuwa muhimu. Zisipelekwe kamwe kwenye taka. Hili la mwisho wazazi hulisahau, na ndilo linaloumiza, kwa sababu barua ikiingia kwenye taka hufutwa yenyewe baada ya siku 30. Chini kabisa aliweka tiki ya kutumia agizo hilo hata kwa barua zilizokwishaingia. Bila tiki hiyo, kichujio hugusa zinazokuja tu. Barua za miaka mitatu zikajipanga chini ya lebo moja, na ile ya usaili ikiwemo. Mama aliitazama kwa muda bila kusema kitu.

Kazi ya simu ikafuata. Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya Gmail, kila lebo inaweza kuruhusiwa kutoa mlio wake. Lebo ya Shule ikapewa mlio, mlio wa kikasha cha kawaida ukazimwa. Mwenye iPhone anaweza kuchagua aarifiwe kwa barua muhimu tu, na kwa kuwa kichujio kimekwishazipa za shule alama ya umuhimu, simu italia kwa hizo.

Siku ya kwanza haikwenda sawa. Kijana alikuwa ameongeza kichujio kingine: kila barua yenye neno "ada" iende lebo ya Shule. Kufika jioni simu ilikuwa imelia mara nne, zote zikiwa matangazo ya mkopo "bila ada yoyote". Kichujio hakina akili, kinalinganisha maneno. Anwani ya mtumaji ni ya kuaminika zaidi kuliko neno lililomo ndani ya barua.

Kwa matangazo, baba alipendekeza yafutwe moja kwa moja. Shemeji yake alikataa, na alikuwa sahihi. Agizo la kufuta likikosewa, barua huenda kwenye pipa na baada ya siku 30 haipatikani tena. Badala yake matangazo yaliagizwa yaruke kikasha na kukaa kwenye lebo yake, ambako mwenye hamu ya punguzo la bei atayakuta. Baada ya mwezi, mtu akiona hakuna cha maana kilichonaswa, ndipo aamue kufuta. Yasiachwe kurundikana milele pia, kwa sababu GB 15 za bure za Google zinagawanywa na picha na mafaili mengine. Picha za mahafali na ubarikio zikijaza nafasi hiyo, barua mpya hazipokelewi tena, ya shule ikiwemo.

Kilichotuliza nyumba zaidi, hata hivyo, kilikuwa kichujio cha mwisho. Kila barua yenye kutoka shuleni sasa inapelekwa na kwa baba. Gmail hairuhusu hili kimyakimya. Kwanza hutuma ujumbe kwa anwani ya pili, na mwenyewe lazima akubali. Baba alikubali akiwa amekaa kwenye kochi lilelile alilolalamikia. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Uwezo huohuo wa kupeleka barua kwingine una upande wake mbaya. Mtu akiiba nenosiri anaweza kuingia kwenye akaunti na kuweka kichujio chake: barua za benki zije kwake, kisha zifutwe kwa mwenye akaunti. Mwenyewe haoni lolote. Kwa hiyo inafaa kufungua mipangilio mara mojamoja na kutazama orodha ya vichujio na sehemu ya kupeleka barua. Ukikuta usichokitambua, kifute, badilisha nenosiri, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Shule ile ilikuwa na awamu ya pili ya usaili. Barua ya tarehe iliingia Jumatano jioni, mama akiwa amesimama kwenye daladala maeneo ya Buguruni, mkono mmoja juu kwenye bomba. Simu ililia. Kabla hajaitoa kwenye mkoba ililia tena, safari hii ni baba anapiga, ameshaisoma.

Siku yenyewe walifika getini saa kumi na mbili na nusu, mlinzi akiwa bado anafagia. Binti alifanya mitihani ya Hisabati, Kiingereza na Sayansi. Majibu, wameambiwa, yatatumwa kwa barua pepe.