Redio ya Gari na Amplifaya: Kupatanisha Sauti Kabla ya Kuikuza

Pale Ediofe, mjini Arua, penye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, ndipo ilipo Radio Pacis, iliyoanza kutangaza mwaka 2004, na ambayo mwaka 2007 ilipata tuzo ya BBC ya redio mpya bora barani Afrika. Husikika katika megahezi 90.9 na 94.5, nayo husema na wasikilizaji wake kwa Kilugbara, Kikakwa, Kialuri, Kimadi na Kiingereza. Ajabu ni kwamba askari aliyejinyima mshahara akanunua gari lililokwisha kutumika Japani aweza kulisimamisha karibu na lango la redio hiyo, akazungusha kitufe mpaka kidole kikachoka, asipate hata neno moja.

Sababu si uchawi wala ubovu wa gari. Kwa miaka mingi masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 na kukoma megahezi 90, hali Uganda hutumia kuanzia 87.5 hadi 108. Basi 90.9 iko hatua moja tu nje ya ukuta. Wako wanaotia kifaa kidogo kati ya waya wa eriali na redio, ambacho hupunguza, kwa mfano, megahezi 12, hata 90.9 ikapatikana penye 78.9. Wengine hung'oa redio ya Kijapani na kutia nyingine. Wote wawili, wakiisha kusikia sauti, hutamani iwe kubwa zaidi, na hapo ndipo amplifaya huingia, pamoja na hasara nyingi zinazoweza kuepukwa.

Amplifaya haitengenezi sauti. Hukariri kwa nguvu ile iliyoletewa. Askari aliyewahi kusimama gwarideni atafahamu upesi. Kama amri imefika kwa sajini ikiwa imekatika katika, sajini huyo hata akipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kikosi kitageuka ovyo. Kwa hiyo swali la kwanza si amplifaya ina wati ngapi, bali redio inaipelekea volti ngapi, na amplifaya yenyewe inatarajia kupokea ngapi.

Redio nyingi zinazouzwa madukani zina nyuma yake soketi za duara ziitwazo RCA. Hizo hutoa ishara ndogo, ya volti 2, na katika redio za bei kubwa volti 4 au 5. Amplifaya nyingi huweza kurekebishwa zipokee ishara ya kuanzia sehemu mbili za kumi za volti hadi volti 4 au 6. Hapo mapatano ni rahisi. Lakini redio iliyokuja na gari kutoka Japani mara nyingi haina soketi hizo. Ina nyaya za spika tu. Nyaya hizo hubeba nguvu halisi ya wati 15 hadi 20 kwa kila spika, hata kama usoni pa redio pameandikwa 50 mara 4 kwa herufi za kujivuna. Kwa spika ya omu 4, wati 20 ni karibu volti 9. Mtu akizipeleka moja kwa moja penye mlango uliotengenezwa kwa volti 2, sauti itatoka kama debe linalopigwa mawe.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Namfahamu koplo mmoja ambaye fundi wake alikata nyaya za spika, akaufanya mmoja kuwa "hasi" na kuuunganisha na bodi ya gari. Redio ilitoa moshi kabla wimbo wa kwanza haujaisha, na fundi akasema kwamba redio ilikuwa mbovu tangu zamani. Sivyo. Katika redio za magari ya siku hizi, kila mmoja wa nyaya mbili za spika hubeba umeme, kiasi cha nusu ya volti za betri. Hakuna ulio hasi wa kweli. Kuugusisha mmoja na bodi ni kuichoma redio kwa makusudi. Dawa yake ni kununua amplifaya yenye mlango maalumu wa kupokea nyaya za spika, au kutia katikati kifaa cha kupunguza ishara ambacho hushusha volti 9 mpaka kiasi cha RCA. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kuliko redio mpya.

Sasa tuje penye kirekebishi kilichoandikwa GAIN. Wengi hudhani kwamba hicho ni kitufe cha kuongeza sauti, wakakizungusha mpaka mwisho. La. Kazi yake ni kuiambia amplifaya: ishara utakayoletewa ni ya ukubwa huu. Kikizidishwa, vichwa vya mawimbi ya sauti hukatwa, spika hupata joto, na ile ndogo ya sauti nyembamba huungua mbele ya nyingine zote. Zaidi ya hayo, mvumo wote wa waya hukuzwa pamoja na wimbo.

Njia ya hakika ni hii. Ondoa spika, rudisha GAIN mwanzo kabisa, na weka besi na treble katikati. Piga sauti moja ya majaribio ya hezi 1,000, redio ikiwa imefunguliwa robo tatu ya nguvu zake. Kwa mita ya umeme iliyowekwa penye volti za AC, pima mlango wa kutokea wa amplifaya huku ukizungusha GAIN polepole kwa bisibisi. Zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili: wati 50 kwa omu 4 ni volti 14 na kidogo, wati 100 ni volti 20. Ukifika hapo, simama, na usikiguse tena kirekebishi hicho.

Waya mkubwa wa betri na utiwe fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka betrini, maana waya ukichubuka bila fyuzi gari huungua. Nyaya za ishara zipite upande mwingine wa gari. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, kagua mahali pa hasi: kwanguа rangi mpaka chuma kitupu. Waya mdogo wa kuwasha amplifaya usiunganishwe na umeme usiozimika, la sivyo betri itakuwa imekufa alfajiri, nawe umeitwa kazini.

Kwa wenzetu wanaoendesha malori: mengi yana volti 24. Amplifaya ya volti 12 haitadumu humo, na kuchota umeme katika betri moja tu kati ya mbili huziharibu zote mbili. Yatakiwa kigeuzi cha kushusha 24 hadi 12.

Na ikiwa gari ni la matangazo, la kuwaita wananchi kwenye chanjo au kutafuta mtoto aliyepotea sokoni, besi haina kazi. Maneno ya binadamu hueleweka vyema kati ya hezi 300 na 3,400, kadiri ile ile iliyotumiwa na simu za zamani. Zilizo chini ya hapo zikatwe. Kisha, afande, mtume mwenzako aende hatua 200 barabarani na karatasi mkononi, msomee namba kumi zisizofuatana, na akirudi zilinganishe na zile ulizozisoma.