Kamera ya bei nafuu kwa anayeanza: unachopiga kinatembea au kimetulia?

Tuseme una hela uliyodunduliza kwa miezi kadhaa. Uko Mtanda, Lindi mjini, au uko Kilwa Masoko. Unataka kamera. Labda unataka kupiga harusi na ngoma upate riziki, au unataka picha za magofu ya Kilwa Kisiwani kwa ajili ya utafiti wako wa chuo. Maduka yenye kamera nyingi za kuchagua yako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi. Ukinunua vibaya, kurudisha si mchezo: nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili zimekwenda, na muuzaji wa kamera iliyotumika huenda akakuambia hakujui.

Kwa hiyo hapa hutakuta orodha ya "kamera 10 bora". Orodha hizo huzeeka haraka, na aliyeziandika hajui unapiga nini. Tutaanza na fizikia kidogo, kwa sababu ndiyo itakayokuambia hela yako iende wapi.

Kamera ni chumba chenye giza

Karibu miaka 1,000 iliyopita, Ibn al-Haytham, mwanasayansi aliyefanya kazi Kairo, alieleza jaribio la taa kadhaa zilizowekwa mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza. Kila taa ilitoa doa lake la mwanga ukutani. Ukiziba taa moja, doa moja linapotea. Kamera yako ni chumba hichohicho, na hata neno "kamera" limetoka kwenye Kilatini, likiwa na maana ya chumba.

Sasa fikiria unakinga maji ya mvua. Maji utakayopata yanategemea mambo matatu: mvua ni kubwa kiasi gani, umekinga kwa muda gani, na chombo chako kina mdomo mpana kiasi gani. Kwenye kamera, ukubwa wa "mvua" unatokana na mwanga uliopo pamoja na tundu la lenzi. Muda unaamuliwa na shata, yaani pazia linalofunguka na kujifunga. Chombo ni kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga na kuutengenezea picha.

Mwanga ukiwa kidogo, kamera ina njia moja ya ziada: kuongeza nguvu ya ishara ile ndogo iliyopata. Hiyo ndiyo ISO. Ni kama kuongeza sauti ya redio inayokamata kwa shida. Sauti inapanda, na mikwaruzo nayo inapanda. Kwenye picha mikwaruzo hiyo tunaiona kama chenga.

Lenzi inaweza kuimeza faida yote ya bodi

Chukua Canon EOS 600D, kamera ya mwaka 2011 ambayo sasa unaikuta sokoni ikiwa imetumika. Kihisi chake kina milimita 22.3 kwa 14.9, yaani eneo la milimita za mraba kama 332. Kihisi cha simu chenye milimita 5.6 kwa 4.2 kina kama 24 tu. Mmoja ana beseni, mwingine ana kikombe: tofauti ni kama mara 14. Hapo utasema kamera imeshinda. Subiri kwanza.

Kwenye lenzi utaona maandishi kama f/1.8 au f/5.6. Namba hiyo inapatikana kwa kugawa milimita za lenzi kwa upana wa tundu lake. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la kama milimita 28. Lenzi ya 18–55 ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na bodi, ukiivuta hadi 55, inafika f/5.6 tu: tundu la milimita 10. Ndiyo maana namba ndogo ni tundu kubwa, jambo linalowachanganya wengi mwanzoni.

Na kwa kuwa tundu ni duara, mwanga unafuata mraba wa namba hiyo. Gawa 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 9.7. Yaani f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya f/5.6.

Unaona tatizo? Simu nyingi zina lenzi ya karibu f/1.8. Ukiweka lenzi ya f/5.6 kwenye bodi yako, faida yako ya mara 14 inagawanywa kwa karibu 10. Inabaki kama mara moja na nusu. Umetumia hela ya miezi, halafu usiku kwenye harusi picha zako zinakaribiana na za simu ya mgeni aliyekaa meza ya tatu. Bodi haijaharibika. Ni lenzi.

Sasa, je, kila mtu akimbilie f/1.8? Hapana. Inategemea unachopiga.

Mawe hayatembei

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko wa pwani ulikuwa sababu mojawapo. Picha nzuri hapo ni zaidi ya kumbukumbu. Ukipiga ukuta uleule, kutoka sehemu ileile, kila mwaka, picha zako zinakuwa kipimo cha kilichopotea.

Ukiingia Msikiti Mkuu, chini ya kuba na matao, macho yako yanazoea kivuli haraka. Kamera haizoei. Lakini ukuta hauna haraka. Weka kamera juu ya tripodi, ISO 100, f/8, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wako usiitikise, na uache shata wazi hata sekunde nzima. Mvua ni ndogo, lakini umekinga muda mrefu. Beseni litajaa.

Kwa kazi hii, ile lenzi ya 18–55 ya bei chee inatosha kabisa. Tena 18 yake ni pana, inameza tao zima, jambo ambalo 50 haiwezi. Hela ya lenzi ya gharama peleka kwenye tripodi imara.

Nje juani hali ni rahisi zaidi. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: jua kali, f/16, ISO 100, shata 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/8, shata inakuwa 1/400. Kwenye kuta za Husuni Kubwa saa sita mchana mwanga umezidi kiasi kwamba lenzi yoyote nzima itafanya kazi, ingawa kwa umbo la kuta ni bora asubuhi au jioni, kivuli kinapoonyesha mikunjo ya mawe.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna programu zinazojenga umbo la pande tatu kutoka kwenye picha za kawaida. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima majengo ya Kilwa kwa njia za kitaalamu, ikiwemo leza. Wewe unaweza kujifunzia kwenye ukuta mmoja: zunguka polepole, kila picha ipandane na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu, na usibadilishe zumu katikati ya kazi.

Watu wanatembea

Harusi, ngoma ya usiku, samaki wanaponadiwa kabla jua halijapanda: hapo ndipo hela inapohitajika. Tripodi haisaidii, maana kamera itatulia lakini watu hawatatulia. Kwa mtu anayetembea anza na 1/125 ya sekunde. Kwa anayecheza, 1/250 au zaidi. Huna ruhusa ya kukinga muda mrefu, basi lazima uongeze mvua yenyewe, yaani tundu kubwa.

Tuseme ukumbini kuna taa chache, na kwa f/5.6 na 1/125 kamera inadai ISO 12,800. Hapo 600D iko mwisho wa uwezo wake, na sura ya bibi harusi itakuwa imejaa chenga. Kwa f/1.8 picha ileile inahitaji kama ISO 1,300. Unaweza kuichapisha na kumpelekea mtu akakulipa.

Habari njema ni kwamba lenzi za aina hii zipo za bei ya chini. Canon ina EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, na Nikon ina AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009. Hazina zumu: ukitaka kusogeza, unasogea wewe. Kwenye Canon zenye kihisi kama cha 600D, 50 inaona kwa wembamba wa 80, kwa hiyo kwenye chumba kidogo utajikuta umegota ukutani. Nikon ya 35 ina nafasi zaidi.

Tundu kubwa lina gharama yake. Kwa 50mm kwenye f/1.8, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana vizuri ni kama sentimita 11 tu kwenda mbele na nyuma. Bwana akisimama hatua moja nyuma ya bibi, mmoja atakuwa na ukungu. Kwa watu wawili wapange mstari mmoja, au funga tundu hadi f/4 upate kama sentimita 24.

Na ndege wa mikoko? Wanatembea, tena haraka, lakini wanapatikana juani. Lenzi ndefu ya bei nafuu, kama 55–250, ikiwa f/5.6 na ISO 200, juani inakupa 1/1,600. Hiyo inatosha. Ila iache iwe ununuzi wa pili.

Bodi: usilipie namba usizozihitaji

Karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli 8.7. Bodi ya zamani yenye 12 au 18 imeshavuka. Usikubali muuzaji akuongezee bei kwa megapikseli.

Mara ya mwisho Canon na Nikon kutoa DSLR mpya ilikuwa 2020. Sasa nguvu zao ziko kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Kwako anayeanza hii ni nafuu, kwa sababu wanaohamia huko wanauza bodi na lenzi zao za zamani.

Mtego mmoja wa kujua: Nikon za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao kama D3200 na D5200, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi kama 50mm f/1.8D itaingia vizuri, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kwa bodi hizo tafuta lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P, na kwa AF-P hakikisha kwanza zinaelewana na bodi yako.

Kabla ya kutoa hela

Nenda dukani mchana, na tochi ya simu, na memori kadi yako mwenyewe. Kisha fanya haya bila aibu:

1. Mulika tochi kupitia lenzi upande mmoja, chungulia upande mwingine. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Iache. Vumbi kidogo halina shida.
2. Piga ukuta mweupe kwa f/16. Madoa meusi yanayorudi sehemu zilezile ni uchafu kwenye kihisi. Husafishwa, lakini iwe sababu ya kushusha bei.
3. Funika lenzi, piga picha moja ya giza kwa sekunde kadhaa. Nukta nyingi zenye rangi kali ni dalili ya kihisi kilichochoka.
4. Uliza shata imepiga mara ngapi. Bodi nyingi za ngazi ya kuanzia hukadiriwa kama mara 100,000. Ikiwa 90,000, bei nayo ionyeshe hivyo.
5. Piga picha 50 za haraka uone kama betri inashuka ghafla na kama fokasi inashika.

Pwani yetu na lenzi

Fangasi hao hawatoki mbali. Hewa ya pwani ya Lindi ina unyevu mwingi, na fangasi hupenda giza, unyevu na hewa isiyotembea, yaani hasa begi la kamera lililofungiwa kabatini. Wakishaota kwenye kioo wanaweza kukila, na kovu halifutiki.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta kopo la plastiki linalofunga vizuri, weka ndani vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, navyo uvibadilishe vinapochoka. Mchele usitumie: unanyonya unyevu polepole na unaacha vumbi. Ukivuka kwa boti kwenda Kisiwani, lenzi ya siku hiyo iwe imeshafungwa Masoko, maana kubadilisha juu ya maji ni kuikaribisha chumvi ndani. Ukirudi, futa kamera yote kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu.

Jaribio la bure

Kabla ya kupanda basi, fungua simu yako na uchukue picha 100 za mwisho ulizopiga kwa makusudi. Zigawe mafungu manne: vilivyotulia kwenye mwanga, vilivyotulia gizani, vinavyotembea kwenye mwanga, vinavyotembea gizani.

Fungu la kwanza likiwa kubwa kuliko yote, ndugu msomaji, simu yako bado inatosha, na hela iendelee kukaa. La pili: bodi ya zamani, 18–55, na tripodi. La tatu: bodi hiyohiyo na lenzi ndefu. La nne: nunua bodi ya bei ya chini kabisa iliyo nzima, na hela inayobaki yote iende kwenye f/1.8. Andika jibu lako kwenye karatasi, uliweke mfukoni pamoja na hela, na muuzaji akianza kukusifia kamera nyingine, litoe ulisome.