Tutembee mpaka shambani

Jumamosi tuliacha pikipiki, tukapanda kwa miguu toka Bukavu mpaka mashamba ya Kabare, watoto wakitangulia. Wamama walimaji walituonyesha mbolea ya ng'ombe wanayotumia pahali pa ile ya dukani. Tukanunua lengalenga, maharagi na marakuja palepale. Feza ikabaki kwa aliyelima.

Jioni tulikula bugali bila nyama. Wengine wanasema ni chakula cha maskini. Hapana: maharagi yanajenga mwili, na marakuja inasaidia mwili kupokea chuma cha mboga. Lakini asiyekula kamwe nyama, samaki, mayai wala maziwa atakosa vitamini B12. Mwenye mimba na anayenyonyesha waulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Jumamosi ijayo, kuja na kitunga chako.