Juu ya nini infirmie haandiki?

Mtu akilazwa hospitali, munaona infirmie anaandika joto la mwili, dawa na saa ya kuzitoa. Ile ni fishi. Lakini kuko karatasi ingine ambayo mara mingi haiandikwi: mpango wa matunzo.

Mule infirmie anaandika mambo 4: mgonjwa anakosa nini, tunataka afike wapi, tutafanya nini na saa gani, kisha tutajua namna gani kama imefaa. Mahitaji yenyewe, Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliyahesabu kuwa 14: kupumua, kula na kunywa, kulala, hata kusali kufuatana na imani yake.

Sasa juu ya nini hawaandiki? Tusiwahukumu upesi. Usiku infirmie mmoja anaweza kubaki peke yake na wagonjwa wa chumba kizima. Karatasi zinakosa. Munganga anauliza dawa tu. Wenzake wanaambiana kwa mdomo wakati wa kubadili zamu. Na shuleni waliandika kurasa na kurasa kwa kutafuta pointi. Wakifika kazini wanaona ile ilikuwa kazi ya mtihani.

Lakini fikirini mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe, uti wa mgongo ukavunjika, hasikii tena miguu. Lazima ageuzwe kila masaa 2, ao ngozi ya matako na visigino itaoza. Infirmie wa mchana anajua, anamgeuza. Jioni anarudi kwake. Kama neno lile liko katika kichwa chake tu, linarudi naye nyumbani. Na kidonda kile kinaweza kumuua mtu ambaye jiwe halikumuua.

Vijana munaojifunza kazi hii, musiandike mengi. Mistari 3 inaenea: “Ageuzwe kila masaa 2. Ngozi itazamwe asubuhi na jioni. Aliyemgeuza aandike jina na saa.” Nanyi wakubwa wa vyumba, muisome kila zamu. Karatasi isiyosomwa haiandikwi mara ya pili.

Na ninyi wazazi munaolinda mgonjwa, ni ninyi munaomwosha na kumlisha. Ulizeni kwa heshima: “Mama, leo usiku tumufanyie nini, na saa gani? Utuonyeshe namna ya kumgeuza, kisha utuandikie.” Kuuliza vile si kumtukana infirmie. Ni kumsaidia kazi.